Marehemu Hasemwi, na Kesi Yake Je?

Siku kiongozi yule alipofariki nilikuwa na miaka 19, na habari niliisikia kwenye redio ya jirani yetu, mzee mmoja ambaye sisi vijana tulimwita Mzee tu, bila jina. Kiongozi simtaji. Familia yake ipo, na ninalotaka kusema halimhusu yeye peke yake. Mtangazaji alisoma taarifa kwa sauti ile nzito tunayoijua sote, kisha zikaanza nyimbo za maombolezo. Mzee akazima redio, akaingia ndani. Nikasikia maji yakimwagika. Alipotoka alikuwa ameoga, amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama wima. Kifungo cha shingoni kilimshinda, kama siku zote, akaniita nimfungie.

Kilimshinda kwa sababu mkono wake wa kushoto ulikuwa haunyanyuki kupita bega. Enzi za kiongozi huyo aliwahi kuchukuliwa usiku, akawekwa kizuizini kwa miezi mingi bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote, na aliporudi mkono ndio ulikuwa hivyo. Mtaa mzima ulijua. Hakuna aliyekuwa akilizungumza.

Nikiwa namfungia kile kifungo nikamwambia, "Mzee, marehemu hasemwi. Watu watasema unasherehekea."

Akaniangalia. "Mwanangu, nimesema nini?"

Sikuwa na jibu, maana kweli hakuwa amesema neno. Alichukua kiti, akakiweka mlangoni, akakaa akitazama njia hadi giza likaingia.

Imepita miaka mingi, na kila anapokufa mwanasiasa wa aina ile, aliyependwa na nusu ya watu na kuchukiwa na nusu nyingine, kile kifungo hunirudia vidoleni. Mambo huenda kwa namna moja kila mahali. Saa haijaisha tangu habari itoke, tayari wapo wanaolia kwa machozi ya kweli, wapo wanaoshangilia, na wapo wa tatu wanaowakemea washangiliaji: mna roho gani nyinyi, hata kama alikosea, mtu amekufa. Siku ile nilikuwa miongoni mwa hao wa tatu. Niliamini nalinda utu. Leo naona kwamba nilimnyamazisha mtu ambaye hata kinywa hakuwa amekifungua, na kwamba wa kwanza kuambiwa anyamaze siku kama hizo mara nyingi ni yule aliyeumizwa. Hilo ndilo linalonikera, na ndilo lililonikalisha kuandika.

Lugha yetu yenyewe ina mambo mazito hapa. Neno "marehemu" linatokana na rehema. Ukimwita mtu marehemu, umekwisha kumuombea kabla hujasema lolote juu yake. Kiongozi mkubwa tunamwita "hayati", neno lenye asili ya uhai, kana kwamba kifo hakijamfikia sawasawa. Halafu kuna msemo ninaoupenda kuliko yote: "ametangulia mbele ya haki." Tunausema kwa upole, tukiinamisha kichwa, na wengi hatusikilizi tena maneno yake. Unasema mtu huyu amekwenda kuhukumiwa. Kwa aliyeishi miaka yote akiikwepa haki ya hapa duniani, hayo ni maneno makali kuliko tusi lolote la barabarani.

Augusto Pinochet ni mfano ninaorudi kwake kila mara. Aliipindua serikali ya Chile tarehe 11 Septemba 1973 na kutawala hadi 1990. Watu zaidi ya 3,000 waliuawa au kutoweka chini ya utawala wake, na makumi ya maelfu waliteswa. Oktoba 1998 alikamatwa London kwa hati iliyotolewa na jaji wa Hispania, Baltasar Garzón, na kwa mara ya kwanza wahanga wake wakaona kuwa huenda akasimama kizimbani. Alizuiliwa huko zaidi ya mwaka mmoja. Machi 2000 serikali ya Uingereza ikamwachilia ikisema afya yake haimruhusu kushtakiwa. Alipofika uwanja wa ndege wa Santiago akiwa kwenye kiti cha magurudumu, aliinuka, akasimama, akawasalimu waliompokea. Mzima kabisa. Picha ile iliwachoma wahanga wake kuliko hotuba yoyote.

Akafa tarehe 10 Desemba 2006, akiwa na miaka 91, katika hospitali ya jeshi. Tarehe hiyo duniani kote ni Siku ya Haki za Binadamu. Mashtaka yaliyokuwa yakimsubiri yalifika mamia, na hakuna hata moja lililokuwa limefikia hukumu. Maelfu ya watu walimiminika Plaza Italia, katikati ya Santiago, wakapeperusha bendera, wakafungua mvinyo, wakacheza na kukumbatiana. Mwenye kuangalia kwa mbali aliona furaha tu, na wakemeaji wakapata la kukemea.

Lakini hebu fikiria ni nini kilikuwa kimetokea. Kifo kilikuwa kimeifunga kesi. Mama aliyemtafuta mwanawe kwa zaidi ya miaka 30 alijua asubuhi ile kwamba yule mtu hataulizwa tena, na kwamba kama alijua mwili ulipo, amekwenda na siri yake. Katika Chile zaidi ya watu 1,000 walichukuliwa na hawakuonekana tena, na ndugu zao hata neno "marehemu" hawakuweza kulitumia, maana utamwitaje marehemu mtu ambaye hukumzika? Mimi nikiwatazama wale waliocheza Plaza Italia naona watu walioshindwa. Walisubiri hukumu, wakapewa cheti cha kifo. Kucheza ndiko kulikobaki.

Na kuna mmoja ambaye hakwenda kucheza. Jenerali Carlos Prats alikuwa mkuu wa jeshi kabla ya Pinochet. Baada ya mapinduzi alikimbilia Argentina, na Septemba 1974 yeye na mkewe waliuawa jijini Buenos Aires kwa bomu lililotegwa kwenye gari lao. Pinochet alipolazwa katika jeneza lenye kioo, mjukuu wa Prats, Francisco Cuadrado Prats, alipanga foleni. Alikaa katika foleni hiyo kwa saa nyingi, amezungukwa na watu waliokuja kumlilia muuaji wa babu na bibi yake, akisogea hatua kwa hatua kama wao. Zamu yake ilipofika, akatema mate juu ya kioo.

Nimelifikiria tendo hilo kwa miaka. Ningelifanya? Hapana. Moyo wangu hausogei upande wa kutemea maiti, hata ya mtu kama yule. Ila siwezi kumkemea. Naziwaza zile saa zote za foleni. Mtu mwenye hasira ya kupita angepiga kelele nje ya lango na kwenda zake. Yule alisubiri zamu yake kama anayesubiri kuitwa na karani wa mahakama, na mahakama haikuwahi kumwita.

Rais wa Chile siku hizo alikuwa Michelle Bachelet. Baba yake, jenerali wa jeshi la anga, alifia gerezani mwaka 1974 baada ya kuteswa, na yeye mwenyewe pamoja na mama yake walikamatwa na kushikiliwa. Sasa maiti ya Pinochet ilikuwa mkononi mwake, kwa maana ya kiserikali. Alikataa kumpa mazishi ya kitaifa. Akaliruhusu jeshi limpe heshima za mkuu wake wa zamani, akamtuma waziri wake wa ulinzi, yeye hakwenda. Waombolezaji walimzomea waziri huyo, na wahanga wapo walioona hata zile heshima za kijeshi ni nyingi mno. Mimi naona alipima vizuri. Hakuwanyang'anya ndugu jeneza lao, wala hakulazimisha nchi nzima kulibeba.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo wakemeaji huichanganya. Mtu wa kawaida akifa, wosia wa wazee una hekima kubwa: usimseme, maana hawezi kujibu, na wafiwa wana donda bichi. Mwanasiasa aliyetawala ana wafiwa nao ni haki yao kuachwa walie. Lakini bendera zikishushwa nusu mlingoti kwa amri, redio zikapiga nyimbo za huzuni usiku na mchana, bunge likaitishwa ili kila mmoja ainuke na kusifu, hapo msiba umeshatoka nyumbani kwao. Umekuwa kazi ya serikali, kwa fedha za walipa kodi, na kinachoandikwa siku hizo ndicho watoto watakachosoma shuleni. Wote wanaongea. Sifa zinamwagika. Anayeambiwa angoje "wakati muafaka" ni mwenye donda peke yake, na wakati huo muafaka sijawahi kuuona ukifika.

Uingereza ni kesi nyingine kabisa, na siwezi kuipima kwa mizani ile ile. Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu, alichaguliwa kwa kura mara tatu. Alipofariki tarehe 8 Aprili 2013, zilifanyika karamu za mitaani Brixton na Glasgow, na wimbo mmoja wa filamu ya mwaka 1939 unaoshangilia kifo cha mchawi ukapanda hadi nafasi ya 2 katika chati. Baadhi ya waliokuwa wakicheza walikuwa wamezaliwa baada ya yeye kuondoka madarakani mwaka 1990. Sikupendezwa, nasema wazi. Ilionekana kwangu kama watu wanaoazima maumivu ili wapate sababu ya kunywa.

Goldthorpe hapakuwa hivyo. Hicho ni kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Yorkshire, na siku ya mazishi yake, tarehe 17 Aprili, walipitisha jeneza la kuigiza lenye sanamu yake mitaani, kisha wakalichoma moto. Ni sura mbaya kuitazama, na sitaitetea. Lakini mgomo wa wachimbaji wa mwaka 1984 na 1985 ulivunjwa, migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na vijiji vilivyoishi kwa mgodi vikabaki na nyumba na baa na vijana wasio na kazi. Aliyepoteza kazi yeye, na baba yake, na kaka yake katika mwaka mmoja hakuazima maumivu ya mtu.

Kati ya wote, niliyemheshimu zaidi wiki ile ni Glenda Jackson, mbunge aliyewahi kuwa mwigizaji. Bunge liliitishwa kwa ajili ya sifa. Akasimama, akaeleza kwa utulivu na kwa ukali kile ambacho sera za Thatcher ziliwafanyia watu, huku upande wa pili ukimpigia kelele. Alisema mbele ya waliompenda marehemu, kwa jina lake, kwa hoja, hadharani, nao wangeweza kumjibu. Kama mtu anataka kujua namna ya kumsema aliyekufa bila kupoteza utu, aitafute hotuba ile.

Na waombolezaji nao wasidharauliwe. Upande wetu, tunaowakumbuka wahanga, tuna kosa hilo: tunadhani anayemlilia mtawala mkali amelipwa, au amedanganywa. Machi 2021, wakati wa kumuaga Rais John Magufuli katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walikufa kwa kukanyagana. Magufuli aliwagawa watu vikali alipokuwa hai. Ila hakuna anayekwenda kubanwa na umati hadi pumzi imwishie kwa sababu ya posho. Walimpenda. Kuna aliyeona ada ya shule imefutwa, kuna aliyeona bosi mkubwa aliyekuwa akimdharau amefukuzwa kazi mchana kweupe, na hilo lilimtosha. Machozi yale yalikuwa ya kweli sawa na machozi ya waliofungwa au kunyamazishwa katika miaka hiyo hiyo. Siwezi kuyapunguza ya mmoja ili ya mwingine yaenee.

Wakati mwingine yote mawili hukaa katika kifua kimoja. Robert Mugabe, aliyeitawala Zimbabwe, alifariki Singapore tarehe 6 Septemba 2019, ana miaka 95. Huyu alikaa gerezani zaidi ya miaka 10 chini ya utawala wa walowezi, na mwanawe mdogo alipofariki Ghana mwaka 1966, serikali ya Ian Smith ilimkatalia ruhusa ya kwenda kumzika. Mtu aliyeonja uchungu huo ndiye ambaye, akiwa madarakani, kikosi chake kiliingia Matabeleland na Midlands kuanzia 1983 na kuua maelfu ya raia. Makadirio hufika watu 20,000. Na kuna jambo moja katika habari hizo ambalo likinijia usingizi hupotea: wapo wafiwa waliokatazwa hata kulia. Ndugu yako amelala pale, na askari anakuambia usitoe machozi.

Halafu miaka 36 baadaye watu hao hao wanaambiwa waomboleze kwa heshima, maana baba wa taifa ametutoka. Mugabe alizikwa kijijini kwake Kutama baada ya mvutano kati ya familia yake na serikali juu ya mahali pa kaburi. Kwenye ibada ya kitaifa jijini Harare viti vingi vya uwanja vilikuwa vitupu. Wengi walisema ni uchumi, mafuta, usafiri, na huenda ni kweli. Mimi namfikiria tu mwanamke wa Matabeleland ambaye miaka ile alinyimwa kilio chake, kwamba siku hii hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai kingine.

Kifo cha F.W. de Klerk kiliniumiza kwa namna ya peke yake. Rais wa mwisho wa enzi ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, aliyemfungulia Mandela na kushiriki naye Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1993, alifariki tarehe 11 Novemba 2021. Siku hiyo hiyo wakfu wake ukatoa video aliyoirekodi akiwa mgonjwa, uso umekonda, akiomba radhi bila masharti kwa maumivu na fedheha ambazo ubaguzi uliwasababishia watu weusi, machotara na Wahindi. Niliitazama mara mbili. Naamini alimaanisha. Lakini ni radhi gani hii ambayo mwombaji wake haulizwi swali? Alikuwa na karibu miaka 30 ya kukaa meza moja na wajane. Wanaharakati wanne wa mji wa Cradock waliuawa mwaka 1985, de Klerk akiwa waziri katika serikali ya siku hizo, na familia zao zimekuwa zikiuliza tangu hapo nani alitoa amri. Uchunguzi mpya wa mahakama juu ya vifo vyao ulianza mwaka 2025, miaka 40 baadaye. Kwa familia kama hizo, jibu moja la mtu aliye hai lingezidi video nzima ya radhi. Ndiyo maana sikushangaa kuona hasira siku ile, wala sikuwaona wakosefu wa shukrani wale waliosema hawaipokei.

Watu huniuliza, sasa wewe unataka tufanye nini, tucheze makaburini? Sitaki hivyo. Nataka siku kiongozi wa namna hiyo anapokufa, kabla hujamwandikia mtu "muogope Mungu", umuulize kwanza yeye alifanywa nini. Akisema hakufanywa lolote, anafurahia tu kelele, mkemee, nami nitakusaidia. Akiwa na jibu, kaa chini umsikilize, hata kama ulimpenda marehemu, hata kama bado unalia. Hilo tu.

Mimi Mzee sikumuuliza. Nilimfungia kifungo, nikamhubiria, nikaondoka.

Siku ya pili ya msiba magazeti yalitoa toleo maalumu, kurasa nyingi za tanzia zenye pindo jeusi. Mzee macho yake yalikuwa hafifu, akanunua moja, akaniomba nimsomee. Bado alikuwa na shati lile jeupe, limeanza kuchafuka ukosi. Nikasoma: alipozaliwa, shule alizosoma, alivyoingia siasa, barabara alizojenga, hospitali alizofungua, nishani alizopewa ng'ambo. Mwaka kwa mwaka. Nilipofika mwaka ambao Mzee alichukuliwa, gazeti lilisema kiongozi alizindua bwawa, na kwamba kilimo kilistawi.

Akanyanyua mkono, ule mzima.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Umeruka mstari?"

"Sijaruka, Mzee."

Akasogeza kiti karibu na changu. "Soma tena," akasema, "polepole."